Ufalme Usio na Kisima

Mtu niliyemsahihishia riwaya zake kwa miaka sita alikuwa mpima ardhi mstaafu, na kitu cha kwanza alichonionyesha hakikuwa muswada. Kilikuwa ramani. Aliikunjua juu ya mashine yangu ya fotokopi, akaikandamiza kwa viganja vyote viwili, akanitazama kama mtu anayesubiri kupongezwa kwa kupata mtoto.

"Hii ni dunia, Mwalimu," alisema. "Nimeitengeneza kwa miaka kumi na miwili."

Nilikuwa nimeacha kufundisha Kiswahili sekondari baada ya koo kunigomea, nikafungua duka dogo la steshenari hapa Kikuyu, mjini Dodoma, kwenye njia wanayopita wanafunzi wa vyuo. Kazi yangu kubwa ilikuwa kusahihisha ripoti zao za utafiti, ambazo nyingi zilianza na maneno "Tangu binadamu aumbwe". Kwa hiyo sikuwa mtu wa kushtushwa na ramani. Niliitazama. Ilikuwa na falme saba, milima yenye mistari ya mwinuko iliyochorwa kwa kalamu ya wino, majangwa mawili, na mto mmoja uliotoka bondeni ukapanda mlimani. Nikamwonyesha mto ule. Akasema pale pana nguvu za kale. Mtu aliyekula mshahara wa serikali miaka yote ile kwa kujua maji yanaelekea wapi.

Vitabu vitatu vya mfululizo wake vilikuwa vimeshatoka, na vijana walivipenda. Vilizunguka mabwenini mpaka majalada yakang'oka. Sitamnyima haki yake: mzee yule alijua kusimulia vita. Ukianza kusoma mapigano yake huwezi kuweka kitabu chini, hata kama hujui wanapigania nini, na mara nyingi wao wenyewe hawakujua. Ila wasomaji walikuwa wamelalamikia makosa ya lugha, ndiyo maana akaja kwangu na kitabu cha nne.

"Wewe sahihisha herufi tu," aliniambia. "Dunia niachie mimi."

Dunia yenyewe ilikuwa na sheria moja kuu. Wanaume walizaliwa na nguvu za moto, wanawake na nguvu za maji. Mwanamume akikasirika mji unaungua. Mwanamke akikasirika mvua inanyesha, halafu anajuta, halafu analia, na mvua inazidi. Upande wa mashariki aliweka ufalme unaotawaliwa na wanawake peke yao, na huo ndio uliokuwa fahari yake. "Watu wanasema waandishi wa kiume hatuwapi wanawake nafasi," alisema. "Mimi nimewapa ufalme mzima." Nilipousoma ufalme huo nikakuta wanawake wote ni warefu, wote wakali, wanaongea kama askari wa barabarani, na wanaume wao wamefungiwa majumbani. Kisha shujaa anafika na vumbi lake la safari, na kwa muda wa juma moja watatu kati ya wale wakali wanampenda. Namna pekee ya kuwatofautisha ilikuwa hasira zao. Mmoja alikunja mikono, mmoja aligeuza mgongo, na wote walisonya. Katika kitabu cha tano nilijaribu kuhesabu neno "alisonya". Nilipofika tisini nikaacha.

Lakini kilichonikera zaidi kilikuwa jambo dogo. Katika vurugu zote zile hakuna mtu aliyekuwa anachota maji. Malkia wa mashariki aliweza kuliinua ziwa zima na kuliangusha juu ya jeshi la adui, ila ndani ya jumba lake hapakuwa na mtungi. Hakuna aliyetwanga, hakuna aliyekandika ukuta, hakuna aliyefua nguo ya damu, na damu ilikuwapo ya kutosha. Mimi nimezaliwa katika nyumba ya tembe ambayo kuta zake mama yangu alizikandika kwa mikono yake, na kiangazi tulichimba mchanga wa korongo mpaka maji yatoke. Nilimuuliza mzee swali hilo siku aliyoleta kitabu cha tano.

"Watu wako wanakunywa nini?"

Alicheka. "Mwalimu, hii ni hadithi ya vita."

"Hata vitani watu wanakunywa."

"Msomaji anajua kwamba wanakunywa. Haina haja ya kuandika."

Lakini namna upanga unavyonolewa alikuwa ameiandikia kurasa nne.

Katika kitabu cha sita akaongeza sheria nyingine. Mwanamke akigusa ngoma, mikono yake inanyauka, kwa sababu ngoma ni sauti ya moto na moto ni wa kiume. Hapo nikashindwa kunyamaza. Mama yangu alikuwa mpiga muheme, ile ngoma ambayo wanawake wa Kigogo huibana mapajani na kuipiga kwa viganja. Alipiga mpaka uzeeni na mikono yake haikunyauka, ilikomaa tu.

"Mzee, umekaa Dodoma miaka mingapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Na ngoma ya Kigogo umewahi kuiona?"

"Mara nyingi. Kwenye mapokezi ya viongozi."

"Nani walikuwa wanapiga?"

Alifikiri kidogo. "Nilikuwa nimekaa nyuma," alisema, na hakufuta mstari hata mmoja.

Mkewe nilimfahamu taratibu. Alikuwa mama mnene kidogo, mpole, aliyekuwa karani wa masijala kabla ya kustaafu, na alikuwa na shamba la zabibu Hombolo. Mzee aliandika kwa mkono katika madaftari makubwa, na mama huyu ndiye aliyechapa kila neno kwenye kompyuta ya nyumbani, kisha akaniletea flashi dukani. Nikimaliza kusahihisha anaichukua, anaipeleka kwa mpiga chapa. Mzee mwenyewe hakuwa akisoma tena alichokwisha kuandika. Alisema mpiganaji haangalii nyuma.

"Mama, wewe ukichapa unazifurahia hizi hadithi?" nilimuuliza siku moja.

"Mimi vikifika vita nachapa bila kusoma," alijibu. "Vidole vimeshazizoea panga."

Kabla ya kitabu cha saba mzee alitaka kufanya utafiti. Utafiti wenyewe ulikuwa kwenda Kolo kuona michoro ya kale ya miambani, na akanialika ili nishuhudie jinsi mwandishi anavyofanya kazi. Tulikwenda watatu kwa gari lake. Kutoka barabarani hadi kwenye miamba kuna mlima wa kupanda. Mzee alitangulia na fimbo yake akimweleza kiongozi wa wageni mambo ya falme saba. Mkewe alifuata nyuma amebeba hotipoti ya wali, chupa ya chai na kapu la vikombe. Nilimpokea kapu. Hotipoti akakataa kuiachia, akasema ameshaizoea mizani yake.

Juu tulikuta watu wembamba warefu waliochorwa kwa rangi nyekundu, na wanyama, na alama ambazo sikuzielewa. Kiongozi alisema watu wengi wana mawazo yao, lakini aliyezichora kwa hakika hajulikani.

"Ni wanaume," mzee alisema. "Wawindaji wenye nguvu za moto."

"Tunajuaje, Mzee?" nilimuuliza.

"Mwanamke angeacha watoto na mafiga apande mpaka huku aje achore?"

Mkewe ndiyo kwanza alikuwa anafika, jasho linamtiririka, anaweka hotipoti juu ya jiwe. Sijui kama alisikia. Alijifuta uso kwa upande wa kanga, akaitazama michoro kwa muda mrefu kuliko sisi sote, kisha akamgeukia kiongozi.

"Na maji walikuwa wanayatoa wapi hawa?"

Kiongozi akanyoosha mkono bondeni. Mama akatazama umbali ule, akatikisa kichwa kama anayempa pole mtu anayemfahamu. Mzee alikuwa ameshafungua hotipoti.

Muswada wa kitabu cha saba ulipokuja, jeshi la watu elfu thelathini lilipiga kambi kwenye uwanda mkavu siku arobaini, wakati wa kiangazi, bila tone la maji, na mwisho wa siku arobaini likasimama na kushinda. Nilisoma mara mbili kutafuta hata kiriba kimoja. Kisha nikafanya kitu ambacho katika kazi yangu ni dhambi. Niliandika aya moja ya kwangu. Nikamweka mwanamke katika korongo kavu, anachimba mchanga kwa kipande cha kibuyu, anasubiri maji yajikusanye, anajaza mtungi. Jemadari anakuja kutaka kunywa kabla ya wengine. Mwanamke anamwambia akae kwenye foleni. Jemadari anakaa. Basi. Sikumpa jina. Nilijidanganya kwamba jeshi lisilokunywa ni kosa la lugha, na mimi nimeajiriwa kuondoa makosa ya lugha.

Kitabu kilichapwa. Mzee hakugundua.

Miezi minane baadaye mama akaleta flashi ya kitabu cha nane. Nilipofika sura ya pili nikakuta mchota maji amerudi. Kwanza nilidhani mzee amemwona akampenda, nikaanza hata kumwonea huruma kwa yote niliyomfikiria. Lakini maneno yale hayakuwa yake. Sentensi zilikuwa fupi. Hakuna aliyesonya. Mwanamke alikuwa anamfundisha malkia mmoja, yule mwenye kuinua maziwa, jinsi ya kushika kibuyu ili asichafue maji, kwamba mkono uinamishwe kuanzia kwenye kiwiko na mtu asiwe na haraka. Malkia anamwaga mara tatu. Ilikuwa mara ya kwanza katika vitabu vinane mwanamke kumfundisha mwanamke mwenzake jambo lolote.

Mama alipokuja kuchukua flashi nilimwambia, "Mama, yule mchota maji naona amerudi."

Alikuwa anachagua kalamu kwenye kopo. "Ameona kazi ni nyingi," alisema bila kuinua macho. "Umemsahihisha?"

"Koma mbili tu."

"Basi vizuri."

Hatukuongea zaidi ya hapo. Lakini kabla sijamrudishia flashi nilimwomba anipe siku mbili zaidi, na katika siku hizo nikampa mchota maji ngoma. Akaibana mapajani, akaipiga usiku wa kuamkia vita kuwapa moyo wapishi, na mikono haikunyauka. Flashi ilipita tena mikononi mwa mama, na kitabu kilipotoka nikaona naye ameongeza. Mchota maji alikuwa amemzika mama mkwe wake kwa heshima ingawa hawakupatana. Na shujaa alipofika kisimani na vumbi lake la safari, alipewa maji, akaambiwa asante kwa kurudisha kibuyu, na hakupendwa.

Uzinduzi ulifanyika katika ukumbi wa chuo kimoja hapa mjini. Mzee alikaa mbele amevaa suti, mimi na mkewe tukakaa safu ya tatu. Baada ya hotuba, msichana mmoja akasimama.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti."

"Nauliza kuhusu yule mchota maji. Kwa nini hujampa jina?"

Nilimwona mzee akitafuta kichwani. Hakuwa na habari ya mtu huyo kabisa. Lakini alikuwa amekaa kwenye vikao vingi vya serikali maishani mwake na alijua kujibu swali asilolielewa.

"Hana jina kwa sababu yeye ni mama zetu wote," alisema. Ukumbi ukapiga makofi.

Kijana mwingine akasema kwamba kuanzia kitabu cha saba yeye huwa anazitafuta kwanza kurasa za mchota maji, ndipo anarudi kwenye vita. Akasema ndiye mtu pekee katika falme zote saba anayeonekana kuwa na kazi ya kufanya kesho yake. Makofi tena. Mzee akaweka mkono kifuani.

"Nitawaambia siri," alisema. "Siku niliyomwandika mwanamke yule, nililia."

Sikumtazama mkewe. Nilisikia tu anakohoa kidogo, kile kikohozi cha kanisani cha mtu anayezuia kicheko.

Siku zilizofuata, kwa mara ya kwanza, mwandishi alisoma kitabu chake. Baada ya juma moja alikuja dukani na nakala mbili zilizojaa mistari ya kalamu nyekundu. Nilimwamkia, hakuitikia.

"Umeingia katika dunia yangu, Mwalimu."

"Ni kweli, Mzee. Korongo la kitabu cha saba ni langu, na ngoma ya kitabu cha nane. Nimekosa. Nilipaswa kukuomba ruhusa."

"Na mengine haya yote?"

Nilichukua nakala moja, nikafunua kurasa zake.

"Mengine haya ni ya nani?" alirudia. "Aliyeshika kazi hii ni wewe na mke wangu tu, na yeye anachapa tu."

Alitamka "anachapa tu" kama mtu anayeondoa kiti njiani. Alikuwa amelala na mwanamke yule nyumba moja miaka thelathini na zaidi, ameumba malkia wa kila rangi, na akili yake haikuweza kufika kwamba aliyekuwa anamwekea chai mezani anaweza kutunga sentensi. Nilikuwa na hamu kubwa ya kumwambia. Lakini siri haikuwa yangu. Nikamwambia, "Nimekosa, Mzee," kwa mara ya pili, akachukua nakala zake akaondoka, na kazi yangu ya miaka sita ikaishia hapo.

Mama mwenyewe ndiye aliyemwambia. Alinisimulia baadaye, alipopita kununua bahasha.

"Nilimwambia wakati anakula. Nikasema, Baba, mchota maji ni wangu zaidi kuliko wa Mwalimu."

"Akasemaje?"

"Akaomba chumvi."

Alidhani ni utani. Ilimchukua siku nne kuyafungua madaftari yake na kulinganisha ukurasa kwa ukurasa, na alipokosa hata neno moja la kisima kwa mwandiko wake, alikaa sebuleni mchana kutwa bila kuwasha redio. Kisha akaanza kitabu cha tisa, na katika sura ya kwanza akamwua mchota maji. Akamkabidhi mkewe daftari kama kawaida.

"Nikasoma mpaka pale," mama aliniambia. "Nikafunga daftari. Nikamwambia, hili utachapa mwenyewe."

"Hakukasirika?"

"Alikasirika. Nikaenda Hombolo. Zabibu zilikuwa zinataka kupogolewa."

Mzee alichapa kitabu cha tisa kwa kidole kimoja. Kilipotoka nilikinunua, maana nilitaka kuona. Kifo chenyewe kilikuwa mstari mmoja: jiwe likamwangukia mchoka maji akafa, na jeshi likaendelea na safari. Mchoka maji. Hata kumwua vizuri alishindwa. Ndani ya kitabu hicho wanawake walirudi kusonya, na jeshi likavuka jangwa la pili kwa siku sitini bila kiriba. Wanafunzi wachache walilalamika, wengine wakasema vita vya safari hii ni vitamu kuliko vyote. Nasikia yuko kwenye cha kumi. Nasikia pia amejifunza kupika uji, kwa sababu siku hizi mkewe anakaa shambani siku tano kati ya saba, na watu waliouonja wanasema hauna mabonge sana.

Nami sikukubali kwamba habari iishie pale. Nilichagua daftari zuri dukani, lenye jalada gumu, nikaenda Hombolo nikiwa nimejiandalia hotuba njiani. Nilimkuta mama katikati ya mizabibu, anafunga matawi kwenye waya. Nilimwamkia, nikamwambia yeye ndiye mwandishi wa kweli katika nyumba ile, kwamba mchota maji anaweza kufufuliwa kwenye kitabu chake mwenyewe, kwamba mimi nitasahihisha bure. Nilisema mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama anavyosikilizwa mgeni rasmi.

"Nishikie waya huu," alisema.

Nikaushika. Akafunga tawi, akasogea kwenye jingine.

"Mwalimu, nilifurahi," alisema. "Ilikuwa kama kumsema mtu mbele yake na yeye hasikii. Lakini kuandika kitabu kizima? Nimeshachapa watu wasiokuwepo miaka kumi na minane. Wamenichosha."

"Basi kipaji hicho kipotee?"

"Kipaji gani? Nilikuwa naandika ninachokijua. Vuta kidogo, umelegeza."

Nilivuta. Nikaona kwamba nami nimekuja pale na ramani yangu, nimemchorea mwenzangu dunia na mahali pa kusimama, na sikumuuliza kwanza kama anaitaka. Sikumwambia hivyo. Tuliendelea mpaka safu mbili zikaisha, tukala, tukaongea habari za wadudu wanaoshambulia majani na bei ya dawa.

Nilirudi Kikuyu na kapu la zabibu na daftari tupu. Asubuhi nililipanga tena rafuni, na kabla ya saa sita mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akaja akalinunua, akasema anataka la kuandikia notsi za uhasibu.